Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wageni, wanafunzi na wasomaji wa historia huyauliza zaidi kuhusu msikiti wa Ijumaa wa mji wa kale wa Kilwa. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi; mengine yamerefushwa kwa makusudi, hasa pale ambapo maelezo yaliyozoeleka yamewanyima wenyeji wa mwambao haki yao katika kazi hii kubwa.

Msikiti huu uko wapi?

Uko katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kisiwa hicho kinatazamana na mji wa Kilwa Masoko ulio bara, na hapo katikati ni mlango mfupi wa bahari unaovukwa kwa mashua. Watu wengi huchanganya Kilwa tatu: Kilwa Kisiwani ndio mji wa kale wa masultani, Kilwa Kivinje, ulio kaskazini yake upande wa bara, ulistawi katika karne ya 19, na Kilwa Masoko ndio makao makuu ya wilaya ya leo. Msikiti unaozungumzwa hapa ni wa kisiwani.

Ulijengwa lini?

Haukujengwa mara moja, na hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika kabla ya yote. Sehemu ya kaskazini, ambayo ni ukumbi mdogo uliokuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo tisa, ni ya karne ya 11 au ya 12, na chini yake kumeonekana dalili za msikiti uliotangulia. Katika karne ya 13 ukumbi huo ulifanyiwa marekebisho. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza upande wa kusini ukumbi mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa awali, pamoja na chumba cha pembeni chenye kuba. Ukumbi huo ukaanguka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad aliyejulikana kwa lakabu ya al-Malik al-Adil, ukajengwa upya kwa nguzo za pembe nane, matao, kuba na dari za mviringo, na sehemu kubwa ya kinachosimama leo ni kazi ya wakati huo.

Kwa hiyo mtu anayeuliza mwaka wa kujengwa msikiti wa Kilwa anauliza, kwa hakika, maswali manne kwa pamoja. Kila awamu inaonyesha mji ukiwa katika hali tofauti: jamii ndogo ya Waislamu inayojitosheleza, mji unaotajirika kwa haraka, mji uliopungukiwa na uwezo hata ukashindwa kuinua nyumba yake ya ibada, na hatimaye mji uliorudisha nguvu zake. Ni nadra kupata jengo moja lenye kuhifadhi kumbukumbu ya mji wake kwa uwazi wa namna hii.

Je, ndio msikiti wa kale kuliko yote katika Afrika Mashariki?

Hapana. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate kwenye funguvisiwa la Lamu, wachimbuaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo na kuanzia karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia. Utukufu wa msikiti wa Kilwa hautokani na kutangulia, bali unatokana na ukubwa wake na ustadi wa kuezekwa kwake, kwani hakuna msikiti mwingine wa mwambao wa zama zile unaojulikana ulioufikia.

Ni nani walioujenga? Nimesoma kwamba ni Waajemi kutoka Shiraz.

Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji huo, ambayo imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na pia kwa muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, inasema kwamba mwanzilishi wa utawala wa Kilwa alikuwa Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shiraz, aliyekinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka. Simulizi hiyo ina thamani kubwa, kwa maana inatueleza jinsi watu wa Kilwa wenyewe walivyopenda kuielewa asili ya watawala wao. Lakini kwa muda mrefu wageni waliitumia kudai kwamba majengo ya mawe ya pwani yaliletwa yakiwa yamekamilika kutoka ng'ambo, na kwamba Waafrika walikuwa watazamaji tu. Dai hilo halisimami.

Uchimbuaji umeonyesha kwamba Kilwa ilikuwa makazi ya wavuvi, wakulima na wahunzi tangu karibu karne ya 9, yaani muda mrefu kabla ya nyumba za mawe, na kwamba mji ulikua hatua kwa hatua mahali pale pale. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mabaki ya watu kutoka makaburi ya miji kadhaa ya mwambao ikiwemo Kilwa, ulionyesha kwamba upande wa mama asili yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na kwamba upande wa baba kulikuwa na asili kubwa ya Kiajemi iliyoanza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000. Kwa maneno mengine, simulizi ya Shiraz ina mzizi wa kweli, na Uswahili wa mji nao ni wa kweli. Wahamiaji waliooa na kuzaa hapa walikuwa, baada ya vizazi viwili au vitatu, watu wa hapa. Mafundi waliochonga matumbawe na kuchoma chokaa walikuwa Waswahili, na msikiti huu ni kazi ya mikono yao.

Vifaa vya ujenzi vilitoka wapi?

Karibu vyote vilitokana na matumbawe na mikoko. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, magumu na yasiyo na umbo, yakishikanishwa kwa chokaa. Sehemu zilizohitaji kuchongwa kwa ustadi, kama vile mihrabu na kingo za milango, zilitengenezwa kwa tumbawe laini lililokatwa likiwa bado bichi chini ya maji. Fundi hulichonga upesi kabla halijakauka, kwani likishakauka huwa gumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya tanuri la kuni na kuvichoma hadi vigeuke unga.

Boriti za mikoko ndizo zilizobeba paa bapa, na hapa kuna siri ya umbo la majengo mengi ya pwani. Boriti nzuri ina urefu wa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, nayo haiwezi kuvuka nafasi pana zaidi ya hapo bila kupinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana ukumbi wa kaskazini wa msikiti una nguzo nyingi ndani ya eneo dogo. Mafundi wa karne ya 14 walipoamua kutumia kuba na dari za mviringo za chokaa na mawe, walikuwa wanajinasua kutoka katika mpaka uliowekwa na mti wenyewe. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na kama tutakavyoona, ulikuwa na gharama.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa nani?

Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, uliotwaa utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13, na alitawala takriban kuanzia 1310 hadi 1333. Tarehe ya Kilwa inasema kwamba katika ujana wake alikaa Aden kwa masomo na akaenda kuhiji Makka. Aliporudi na kushika utawala alijenga kwa kiwango ambacho pwani haikuwa imekiona: upanuzi wa msikiti, na jumba la Husuni Kubwa lililo ukingoni mwa jabali mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipaji vingi vya kuwapa wengine, kutokana na ukarimu wake.

Fedha za kujenga zilitoka wapi?

Zilitoka katika dhahabu ya Sofala. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi pwani ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na kutoka hapo ikasafirishwa kaskazini. Kwanza Mogadishu ndiyo iliyokuwa na mkono katika biashara ile, kisha Kilwa ikaichukua. Jiografia ilisaidia: upepo wa kaskazi humfikisha mfanyabiashara kutoka Arabuni au Bara Hindi hadi maeneo ya Kilwa na kumrudisha kwa kusi katika mwaka mmoja, ilhali kwenda mbali zaidi kusini kulihatarisha kukosa upepo wa kurudi. Hivyo dhahabu na pembe za ndovu za kusini zilikutana Kilwa na vitambaa, shanga na vyombo vya kauri vya kutoka ng'ambo, na sultani alitoza ushuru kwa pande zote mbili.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu yenye vina upande wa pili. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Haifai kuficha pia kwamba utajiri wa mji ulihusisha watumwa. Vitabu vya zama zile vinawataja bila kusitasita, na msikiti ulisimama ndani ya jamii hiyo hiyo.

Ibn Battuta aliona nini Kilwa?

Msafiri huyo wa Tangier alifika mwaka 1331 baada ya kupitia Mogadishu na Mombasa. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri, ingawa alisema majengo yake ni ya miti, jambo ambalo limewashangaza wachimbuaji waliokuta kuta za mawe za wakati ule ule. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, kama ilivyo katika vijiji vya pwani hadi leo, na kwamba mawe yalikuwa ya msikiti, ya watawala na ya matajiri. Alisema pia kwamba watu wake ni wacha Mungu na wanafuata madhehebu ya Shafii.

Kisa chake kinachohusu msikiti moja kwa moja kinastahili kusimuliwa kikamilifu. Siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka katika sala kurudi nyumbani kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Akaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akavaa nguo nyingine na kumkabidhi fakiri zile alizozivua. Watu wakamshukuru sana kwa unyenyekevu ule. Mwanawe akazikomboa nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaeleza kwamba sehemu ya tano ya ngawira ilitengwa kwa ajili ya masharifu, nao walimjia sultani kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Katika kisa hiki kimoja tunaona jinsi mlango wa msikiti ulivyokuwa mahali ambapo mtawala alionekana na raia, akaombwa, akapimwa.

Kwa nini upanuzi wa al-Hasan ulianguka?

Kwa sababu nguzo hazikuhimili uzito. Mafundi walisimamisha nguzo zilizochongwa kila moja kutoka jiwe moja la tumbawe, kazi ya ajabu kwa macho na kwa ustadi, lakini tumbawe si jiwe la kubeba mzigo mzito wa kuba na dari za chokaa kwa muda mrefu. Tarehe ya Kilwa yenyewe inakumbuka kuanguka kwa msikiti. Miongo ya baada ya al-Hasan ilikuwa ya uchumi uliopungua, na hata jumba lake la Husuni Kubwa halikumalizwa. Mji haukuwa na uwezo wa kujenga tena mara moja, na watu walirudi kutumia ukumbi wa kaskazini.

Waliojenga upya katika karne ya 15 walikuwa wamejifunza. Badala ya jiwe moja refu, walijenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nene zaidi na zenye kugawana uzito vizuri kupitia matao. Nguzo hizo bado zimesimama, na mtu anayepita kati yake leo anapita katikati ya suluhisho la tatizo la kihandisi lililowashinda babu zao. Kwa maoni ya anayeandika ukurasa huu, ukarabati huo ni jambo la kujivunia kuliko hata upanuzi wa kwanza, ingawa vitabu vya watalii humtaja al-Hasan na kumsahau al-Malik al-Adil.

Kwa nini hauna mnara?

Misikiti ya Waswahili ya zamani kwa kawaida haikuwa na minara. Mwadhini aliadhini kutoka juu ya paa au mlangoni. Minara mingi inayoonekana katika miji ya pwani leo ni ya nyakati za karibuni.

Kibla kinaelekea wapi?

Kaskazini. Kilwa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo mihrabu iko katika ukuta wa kaskazini. Sehemu za kutawadhia, zenye kisima, mabirika na mawe ya kusugulia miguu, bado zinatambulika kwa yeyote anayeyajua mabirika ya misikiti ya pwani.

Wareno waliufanyia nini msikiti huu?

Vasco da Gama alifika mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumika kutengeneza chombo cha ibada cha kanisa kinachojulikana kama Monstransi ya Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho bado kimehifadhiwa Lisbon. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji kwa kikosi kikubwa, askari wake wakaupora, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakajenga ngome ufukweni. Waliiacha ngome hiyo mwaka 1512.

Msikiti haukubomolewa. Bali mmoja wa waliokuwa katika msafara huo, Hans Mayr, aliandika kwamba mjini kulikuwa na misikiti mingi ya kuba, na mmoja wao ulifanana na ule wa Córdoba, Hispania. Ulinganisho huo ulitoka kwa mtu wa upande wa wavamizi, naye hakuwa na sababu ya kuisifu Kilwa. Pigo kubwa zaidi la Wareno lilikuwa la kibiashara, kwani walijishikiza Sofala na kukata mshipa wa dhahabu, na bila dhahabu mji haukuweza kutunza majengo ya ukubwa ule.

Ni lini basi msikiti uligeuka kuwa gofu?

Polepole. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikishambulia kisiwa na kuua watu wengi. Katika karne ya 18 mji ulipata uhai tena kwa njia ya kusikitisha: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliweka mkataba na sultani wa Kilwa wa kununuliwa watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye Waomani waliimiliki Kilwa, wakajenga ngome iitwayo Gereza inayoonekana ufukweni hadi sasa, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alihamishiwa Maskati. Biashara ikahamia Kilwa Kivinje, wakazi wakapungua, na miti ikaota kati ya kuta.

Nani aliuchimbua, na nani anauhifadhi?

Mwanaakiolojia Neville Chittick aliongoza uchimbuaji mkubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akachapisha matokeo katika juzuu mbili. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mmomonyoko wa fukwe, mvua, mizizi ya miti na kuporomoka kwa kuta. Baada ya miaka ya ukarabati uliotumia chokaa badala ya saruji, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Suala la chokaa si dogo. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na huzuia unyevu kutoka, hivyo ukuta uliozibwa kwa saruji hupasuka kutoka ndani.

Ni nini cha kutazama ninapofika?

Kibali hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na ni vizuri kumchukua mwongozaji mwenyeji wa kisiwa. Mgeni aanze upande wa kaskazini, ambako paa halipo na kuta zake ni za kale zaidi, kisha asogee kusini taratibu ili aone mji ukikua. Katika pembe ya kusini mashariki kuna chumba chenye kuba cha al-Hasan, ambacho kuba lake halikupitwa kwa ukubwa katika pwani hii hadi karne ya 19. Baada ya hapo atembelee Msikiti Mdogo wa Kuba ulio karibu, wa karne ya 15, ambao umehifadhika kuliko majengo mengine na ambao dari yake ilipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ndani ya chokaa.

Wakazi wa kisiwa ni Waislamu, na kwao hapa ni mahali pa ibada ya wazee wao, hata kama sala ya jamaa haiswaliwi tena ndani yake. Mgeni avae mavazi ya heshima, asipande juu ya kuta wala makaburi, asichukue kigae chochote cha ufinyanzi kilicho chini, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha za watu.